Kitasa Kile Huja na Funguo Tatu

Bwana Lyakurwa alikuja na vipimo nyuma ya risiti ya saruji:
thelathini kwa ishirini, kina cha kiganja na nusu,
bati la milimita nne.
Hakusema ni la nini.
Mwaka wa kumi na tisa huu nachomelea hapa Tabata Dampo,
mageti, madirisha, vitanda vya bweni,
hata kaburi moja nililiwekea grili.
Kasha la pesa nalijua, la dhahabu ya harusi nalijua.
Hili lilikuwa na umbo la kitu kimoja tu.

"Wanataka tufungie," akasema, akiziambia cheche.
"Hujasikia? Mwenye silaha nyumbani
aiweke chini ya kufuli, risasi mbali na mtutu.
Haya, fundi, niambie wewe:
jambazi akishakata nondo zako hizi,
atanisubiri nipapase ufunguo gizani?
Nimwambie, samahani kaka, keti kwanza, nakuja?"

Nikacheka. Nondo zangu hukatwa,
nimeziona zilivyokatwa na mtu mwenye haraka.
Na mwaka ule walipomwingilia Segerea
alitoka na kovu la panga, sikioni hadi kwenye kola.
Na kovu halibishaniwi.

Jumamosi kikao, ofisi ya mtaa.
Viti vya plastiki, jua la saa nne, mjumbe na daftari lake.
Mwalimu Chipande akasema leseni inatosha,
mbona gari ni leseni tu.
Sauti nyuma: hata gari halilali na ufunguo ndani!
Kijana mmoja akauliza nani atakagua chumbani kwa mtu,
na huyo askari, atavua viatu mlangoni
au ataingia navyo?
Watu wakaangua kicheko,
kisha wakaona Bi Mkumbukwa ameinuka
na kicheko kikarudi kilikotoka.

Hakutoa hoja.
Alisema kabati lake lina milango mitatu.
Alisema nguo za baba yao hukaa mlango wa kushoto,
na chini yake shuka la bluu.
Alisema, "Alikuwa anatafuta kaptura ya mpira."
Akaketi.
Mjumbe hakujua aandike nini.
Nilimwona akipiga mstari,
kisha mstari mwingine juu ya mstari.

Jumatatu nikaenda kulifunga kasha ukutani.
Mjukuu, Elinami, miaka sita,
alinishikia skrubu kiganjani kama karanga.
"Babu, funguo ziko ngapi?"
"Mbili."
Mmoja mzee akautia mfukoni.
Wa pili akaupeleka sebuleni,
akautundika kwenye msumari uleule
wa funguo za geti, za choo cha nje, za stoo ya mchele.
Mtoto nyuma yetu, midomo inacheza
kama anayejifunza kusoma.

Nilikuwa nimeshalipwa.
Mashine ilikuwa imeshafungwa kwenye pikipiki.
Nikarudi.
"Mzee, humu ndani sukari mnaificha wapi?"
Akanishangaa, na kabla hajafungua kinywa
Elinami akajibu. Hata kopo alilitaja:
la maziwa, nyuma ya unga,
lile lenye kifuniko kibovu.

Bwana Lyakurwa akautazama msumari.
Akaligusa kovu, polepole,
kama afanyavyo mawingu yakikusanyika.
Sijui aliamua nini. Bodaboda alikuwa anapiga honi.

Usiku, navua ovaroli,
kitu kikalia mfukoni.
Kitasa kile huja na funguo tatu.
Wa tatu huwa nabaki nao, ni desturi ya kazi,
wateja hupoteza, hurudi wakihema.
Binti yangu alikuwa amelala mkekani, mdomo wazi.
Nikausimamia ufunguo ule mkononi,
nikatazama juu ya kabati, chini ya godoro,
ndani ya kiatu cha sikukuu,
nikakizunguka chumba chote
nikitafuta pa kuuweka.